Hamisa na Mzizi Usiotajwa

Hamisa binti Mhina hakuwa mganga, na ukimwita mganga alikasirika kweli, si kwa mzaha. "Mimi mkulima," alikuwa akisema. "Mahindi yangu umeyaona. Dawa ninayo moja tu, na hiyo moja nimeachiwa." Watu wa upande wa Misima walimchukulia hivyo hivyo alivyotaka. Mwenye jino bovu hakumwendea, wala mwenye homa, wala mama aliyechelewa kupata mtoto. Aliyekwenda kwake ni mgonjwa wa aina moja: yule ambaye haumwi popote, lakini amekaa mlangoni tangu asubuhi na uji umempoa mkononi.

Ugonjwa huo mimi sikufundishwa vizuri. Naitwa Yuditha Semboja, Msambaa wa Bumbuli, nesi mstaafu, na haya nayaandika nikiwa Korogwe ambako nimezeekea. Nilifika wilaya ya Handeni mwaka 1974 nikiwa na miaka ishirini na sita, sanduku la bati, sare mbili na kiburi cha kutosha zahanati tatu. Nilipewa zahanati moja, ya vyumba viwili, katika kijiji kipya mwendo wa saa moja na nusu kutoka Misima. Ulikuwa wakati ule wa watu kutolewa kwenye mashamba yao ya mbali na kukusanywa pamoja. Nyumba zilikuwa kwenye mistari, milango ina namba za chokaa, miti ya kivuli bado ni vijiti vilivyozungushiwa miiba.

Mstari wa kwanza, mkabala na zahanati, alikaa Mzee Kibwana Mdoe na wake zake wawili. Hamisa alikuwa mke mkubwa, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye miguu mipana na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Zamda alikuwa mdogo, hajafika thelathini. Walikuwa wametoka Kwamdoe, kwenye shamba la babu yake Kibwana, saa tatu kwa miguu.

Wiki yangu ya kwanza nilipita nyumba kwa nyumba nikiwakataza watu mitishamba. Kwa Hamisa nilihutubia muda mrefu. Alinitandikia mkeka, akaniwekea muhogo wa kuchemsha, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kwetu milimani tulikuwa tunatibiwa na nani kabla sindano hazijapanda huko. Niliondoka nimevimba, na muhogo wake niliula wote, jambo ambalo alinikumbusha kwa miaka kumi na saba.

Nilimpenda nikiwa bado sijataka kumpenda. Siku za shamba la kijiji kila mtu alilima, na nesi pia, na mimi jembe nililishika kama mtu anayeua nyoka. Watu walinicheka. Hamisa alinicheka kuliko wote, kisha akahamia mstari wa jirani na wangu, akalima wake huku akiuvuta na wangu, tukamaliza pamoja. Mchana alimwambia Kibwana, nami nasikia, kwamba Wasambaa wameumbwa kwa ajili ya kupanda milima, si kulima.

Zamda yeye nilimjua akiwa mtu wa kimya. Hamisa ndiye aliyenieleza kwamba Kwamdoe kicheko cha Zamda kilikuwa kinafika kisimani kabla yake mwenyewe. Alisuka mikeka mizuri, alijua kuigiza mwendo wa kila mtu, hata wa shekhe. Mwaka mmoja kabla ya kuhama alizika binti yake wa pekee, Fatu, wa miaka minne, kwa surua. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, na kila Alhamisi jioni Zamda alilifagia na kukaa hapo kidogo, akarudi kupika. Alihuzunika kama mama yeyote, lakini alikuwa anapika, anasuka, na siku nyingine anacheka. Kisha lori likaja. Walipakia mahindi, vitanda, kuku na watu, na kaburi halipakiwi.

Kijiji kipya hakikupenda watu warudi rudi makwao. Viongozi walihofu kwamba anayekwenda kuangalia maboga yake hatarudi tena, kwa hiyo kutoka kulitaka ruhusa, na Zamda aliona haya kuomba ruhusa ya kufagia kaburi. Mvua za masika zilipoisha alikuwa ameacha kusuka. Halafu akaacha kula. Aliamka kabla ya adhana na kukaa mlangoni, akiangalia upande wa Kwamdoe, na ukimsalimia jibu lilimtoka polepole, kama mtu anayetua mzigo. Siku moja alimwambia Hamisa kwamba anajiona ni mtu wa ziada duniani. Hamisa aliniambia maneno hayo baadaye, na alipoyasema alishika meza yangu.

Watu walitarajia mke mkubwa afurahi. Wapo waliomwambia waziwazi kwamba sasa nyumba ni yake. Aliwafukuza uani na mchi wa kinu. Alimlisha Zamda kwa mkono, tonge kwa tonge, na alihamishia mkeka wake mwenyewe chumbani kwa Zamda ili asiwe peke yake. "Nimemlea huyu," alisema. "Aliletwa hapa hajui hata kupepeta."

Kibwana alikuwa mtu wa hospitali. Alimpeleka Zamda Korogwe, na daktari mmoja kijana aliyeitwa Ernesti akamwangalia, akamsikiliza, akasema ni ugonjwa wa huzuni na una dawa. Akampa vidonge vya kumeza kila siku, akaonya kwamba havifanyi kazi upesi, wavumilie wiki tatu au nne, na asitumie dawa nyingine. Kibwana aliitikia ndiyo kwa kila neno. Vidonge vikawekwa zahanati, na kila asubuhi Zamda alivuka njia, akameza mbele yangu, nami nikaandika alama kwenye kadi.

Na kila jioni, upande ule mwingine wa njia, Hamisa alimpa kikombe cha maji ya mzizi mkavu aliohama nao.

Haya si maajabu. Mwenyeji yeyote wa Handeni au wa milimani atakwambia ndivyo nyumba nyingi zilivyoishi: asubuhi dawa ya hospitali, jioni dawa ya nyumbani, na hii haiambiwi habari za ile. Ni adabu tu, kama vile mgeni wa mume haambiwi mambo ya jikoni. Mama yangu mwenyewe, mke wa mzee wa kanisa, alifanya hivyo kwa kila mtoto wake. Nililijua hilo tangu utotoni na bado sikuuliza. Nilikuwa nimeshakataza mitishamba, na kichwani mwangu nilichokataza kilikuwa kimekwisha.

Hamisa naye alikuwa na sababu ya kunyamaza. Bibi yake alipomwachia mzizi ule alimpa masharti matatu. Usiuze. Usiung'oe wote, chukua theluthi na uufunike uliobaki. Na jina lake usimtamkie mtu asiye wa ukoo, kwa maana ukimtamkia mgeni mzizi hulala, na tangu siku hiyo utakuwa unachemsha kuni. Hakuwa na mtoto wa kike wa kumrithisha. Ujuzi wa mzizi huo ulikuwa ndio kitu pekee alichotoka nacho kwao ambacho hakuna lori lililoweza kukipakia wala kukiacha.

Wiki ya nne Zamda alichana nywele. Siku iliyofuata alimwuliza Kibwana kama mbuzi amezaa. Nilifurahi kupita kiasi, nikamringia Hamisa kama mtoto wa shule anavyomringia mwenzake: nilimwambia ameona kazi ya kidonge. Hamisa aliniangalia kwa huruma kubwa na kusema amefurahi sana. Kila mmoja wetu alimsikitikia mwenzake kwa ujinga wake. Kisha Hamisa, kwa kuona mzizi unaitika, akaongeza kikombe cha pili mchana.

Siku ya tatu ya kikombe cha mchana, baada tu ya adhuhuri, Kibwana alikuja zahanati bila kofia. Nilivuka njia mbio, nikamkuta Zamda sakafuni. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, kanga imelowa jasho, mboni za macho zimepanuka, na miguu yake ilikuwa inarukaruka yenyewe. Hakuweza kutulia hata nukta moja, wala hakujua ni siku gani. Mwili ulikuwa unawaka. Majirani walishajaa mlangoni na shetani alishatajwa kwa kabila lake. Kibwana alisema malaria imepanda kichwani, na mimi nilikubaliana naye, nikaanza kuandaa kwinini.

Ile miguu ndiyo iliyonizuia. Nilikuwa nimeuguza malaria nyingi na sikuwahi kuona miguu ya namna ile. Niliuliza amekula nini, amekunywa nini. Hamisa alikuwa amempakata kichwa, akimfuta jasho, na macho yake yalikwenda mara moja kwenye sufuria ndogo chini ya kitanda, yakarudi. Nilimwambia, "Mama, simwulizi mganga. Namwuliza mke mwenzake. Huyu amekunywa nini?"

Hamisa aliwatoa watu wote nje, pamoja na mume. Akafunga mlango. Tukabaki watatu, na mmoja wetu hakuwa anasikia.

"Ukishausikia, umelala," aliniambia. "Haufai tena kwa yeyote. Ujue unachoniomba."

"Na nisipousikia huenda akafa yeye," nilisema.

Aliniangalia kwa muda, usoni, kama mtu anayechagua mbegu. Kisha akalitaja jina. Akaniambia vikombe vingapi, tangu lini, na kwamba aliongeza. Alipomaliza ndipo alipolia, na alilia kimyakimya huku mkono unaendelea kumfuta Zamda jasho. Nilikuwa na haya ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baada ya siku ile. Kidonge kilikuwa changu.

Tuliacha vyote viwili palepale. Lori la mahindi la kijiji lilikuwa linapakia, tukaomba, tukamlaza Zamda juu ya magunia. Hamisa alikaa naye njia nzima, akimwekea kanga mbichi kifuani na kichwani, na kila tulipovuka kijito alimwamrisha dereva asimame aloweshe tena. Dereva hakubisha. Jua lilikuwa halijazama tulipofika Korogwe.

Daktari Ernesti alimgonga goti kwa kinyundo, na mguu uliruka mara nyingi kwa pigo moja. Nilimweleza kila kitu, isipokuwa jina. Aliponiuliza jina nilisikia mdomo wangu ukisema ni mmea wa kutambaa wenye mzizi unaonukia utamu, basi. Sijui kwa nini nilificha. Hakunigombeza. Alisema kosa ni lake pia, kwa sababu aliwaambia wasitumie dawa nyingine, na kwa watu wengi kitu cha nyumbani hakiitwi dawa nyingine. Walimtundikia maji, wakampa dawa ya kutuliza misuli, wakampoza. Siku ya pili mitetemeko ilipungua. Siku ya tatu aliomba uji, akautapika, akaomba tena.

Siku hiyo ya tatu daktari alitukalisha barazani, mimi na Hamisa. Alisema mengi, na nusu yake yalikuwa ya kunifundisha mimi. Alisema kwenye ubongo kuna vitu vinavyobeba ujumbe kutoka seli moja kwenda nyingine, na kimoja kinaitwa serotonini. Seli inakitoa, ujumbe unafika, kisha seli ileile inakivuta tena ndani. Waliochunguza wanafikiri kwamba kwa baadhi ya wenye huzuni kubwa ujumbe huo unapita haba, na vidonge vya aina ile vinazuia ule mvuto wa kurudi, ili serotonini ikae pale nje muda mrefu zaidi. Vikiachwa vifanye kazi wiki kadhaa, mtu huinuka. Lakini serotonini ikizidi mno, mwili huhangaika kama tulivyoona. Kwa hiyo, alisema, huenda ndani ya mzizi ule mna kiini kinachofanya kazi ileile au ya jirani. Alilirudia mara mbili lile neno huenda. Nilipokunja uso kuhusu mizizi aliniuliza kwinini niliyotaka kumchoma Zamda inatoka wapi. Nilijua, nilifundishwa: gome la mti.

Hamisa alikuwa hajaelewa, akanigeukia. Nilitafuta maneno. Nikamwambia, "Mama, fikiri karamu ya harusi. Chakula kimetengwa, wageni wanakula, lakini kuna mtu anakusanya sahani mapema mno, watu hawajashiba. Kichwani kwa Zamda ndivyo. Kidonge changu kilimshika mkono yule mkusanya sahani. Na mzizi wako, huenda, ulimshika mkono wa pili. Sahani zikajaa hadi mlangoni, karamu ikavurugika."

Alifikiri sana. "Kwa hiyo bibi yangu alimjua huyo mkusanya sahani."

"Daktari anasema huenda."

"Basi huenda yake na huenda yangu zimeonana," alisema, akafunga kanga vizuri na kwenda kumlisha mwenzake.

Ilikuwa dawa moja tu kuanzia hapo. Daktari alimwuliza Zamda mwenyewe anataka ipi, na Hamisa akajibu kabla yake kwamba mzizi haupo tena, ampe kidonge. Hakueleza kwa nini. Nilijua peke yangu. Tulirudi nyumbani, Zamda akapumzishwa, kisha akaanza vidonge upya, na kufikia miezi miwili alikuwa anasuka tena ukili mwembamba. Hamisa alinitendea wema uleule. Ila wagonjwa wa uji uliopoa walipokuja kwake aliwaambia hana kitu, waende kwa nesi, na walipoondoka alibaki amesimama uani bila kazi mkononi.

Mwishoni mwa mwaka vidonge vilikwisha. Ulikuwa wakati wa vitu kuadimika, hata sabuni, na Korogwe waliandika kwamba shehena haijafika, na mwezi uliofuata wakaandika hivyo hivyo. Nilimpunguzia Zamda vilivyobaki kidogo kidogo kama daktari alivyoelekeza, mpaka cha mwisho. Wiki moja baadaye nilifungua dirisha asubuhi nikamwona amekaa mlangoni, anaangalia upande wa Kwamdoe, na uji mkononi.

Nilikwenda Korogwe mwenyewe. Daktari Ernesti alisema hana kitu cha kunipa. Kisha akasema, kwa tahadhari, tusubiri mpaka wiki mbili kamili zipite tangu kidonge cha mwisho, na kama yule mama atakubali, tujaribu mzizi peke yake, nusu kikombe kwa siku, na mimi nimpime mapigo ya moyo na joto kila asubuhi, nikiona mtetemeko tu niache. Akasema hana uhakika. Akasema pia kwamba kumwacha hivi hivi anajua mwisho wake unaweza kuwa nini.

Hamisa alikataa. Alinisikiliza kwa heshima na kukataa. "Umelala," alisema. "Nilikwambia siku ile. Nitampa mwenzangu kuni nimdanganye?" Nilimsihi, na kusihi si kazi yangu, hasira ikanishika. Nikamwambia mzizi hauna masikio, haujui nani amesema nini, kilichomo ndani kimo tu. Nilisema kwa sauti na majirani walisikia. Alichukua ndoo akaenda kisimani, na kwa siku nne hakunisalimia, wala sikupata muhogo, wala hakuvuka njia. Siku hizo nne Zamda hakula karibu kitu. Mimi nilihesabu siku kwenye kadi na nilikuwa naogopa kila nilipofungua dirisha.

Siku ya tano, mapema, alisimama mlangoni pa zahanati na jembe begani. Zamda alikuwa nyuma yake amejifunika. "Vaa viatu," aliniambia. "Tunakwenda Kwamdoe. Hiyo ruhusa yao iandike wewe, una kalamu." Niliandika kwamba mgonjwa anahitaji safari kwa ajili ya matibabu, nikapiga muhuri wa zahanati. Katibu wa kijiji aliisoma mara tatu, akanirudishia, tukaondoka.

Tulitembea polepole, zaidi ya saa nne. Kwamdoe palikuwa mahame. Paa lilikuwa limeanguka, na maboga yaliyojiotea yalikuwa yametambaa hadi ndani ya chumba cha Kibwana. Zamda hakuangalia nyumba. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akapiga magoti, akaanza kung'oa majani juu ya kaburi kwa mikono. Kisha akalia kwa sauti, akimwita Fatu. Tangu lori lile hakuwa ametoa chozi. Nilitaka kumfuata, Hamisa akanishika mkono.

"Mwache na mwanawe," alisema. "Wewe njoo huku."

Alinipeleka chini kwenye kijito, penye kichaka kizito, akanionyesha mmea umejisokota kwenye mti, majani mapana yenye umbo la moyo. Alilivunja moja, likatoa utomvu mweupe. Kisha akanipa jembe na kuniambia nichimbe. Nikamwambia mimi si wa ukoo.

Aliketi kwenye jiwe. Alikuwa amechoka, na alisema polepole. "Siku nne nimelitazama jambo hili. Nimejiuliza, Hamisa, siku ile ulimtamkia nani? Nikakumbuka. Kabla sijafungua mdomo nilikutazama usoni, na moyoni nilisema, namwambia mwanangu. Sikupanga. Nilisema tu. Sasa kama nilimwambia mgeni, mzizi umelala. Na kama nilimwambia mwanangu, haukulala, na ni wewe wa kuuchimba, maana mimi nimezeeka na ndivyo unavyorithiwa. Chimba, mwanangu."

Mimi Mlutheri niliyebatizwa, nesi wa serikali, niliyesema mzizi hauna masikio, nilishika jembe lile. Nilichimba vibaya, kama kawaida yangu. Hakunicheka. Harufu ilitoka kabla mzizi haujaonekana, tamu, ya kuoka kitu. Nilikata theluthi, nikafunika uliobaki, nikakanyaga udongo kwa mguu. Hamisa alichukua kipande, akakitafuna, akafumba macho. Hakuniambia ameona nini. Alisema tu twende, jua linatuacha.

Zamda alianza nusu kikombe wiki zile mbili zilipotimia. Nilimpima kila asubuhi, niliandika kila kitu, na kila Alhamisi niliandika ile karatasi yangu ya matibabu ili aende Kwamdoe, na Hamisa alikwenda naye. Wiki ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna, na Hamisa alipungua mwili. Wiki ya nne, siku ya kliniki ya wajawazito, Hamisa aliingia zahanati mbio bila viatu. Nilidhani amekufa mtu.

"Amenitukana," alisema.

Zamda alikuwa ameonja kisamvu, akakitema, akasema hiyo ni chumvi ya kulisha ng'ombe, na kwamba uzee umemharibu Hamisa ulimi, na tangu leo jiko ni la Zamda. Hamisa alikuwa anacheka hata akashindwa kusimama. Aliketi kwenye benchi katikati ya wajawazito, akijifuta macho kwa kanga, na kila aliyemwuliza kuna nini alimjibu kwamba ametukanwa, alhamdulillahi.

Sijui ni kipi kilichomwinua Zamda. Huenda ni mzizi. Huenda ni kaburi lililofagiliwa, au mke mwenza aliyelala sakafuni pembeni yake mwaka mzima. Daktari Ernesti aliomba kipande akipeleke Dar es Salaam kichunguzwe, na Hamisa alisema apewe mzizi, jina asipewe. Sikusikia majibu. Siku hizi nasikia wataalamu wanaichunguza mizizi na majani ya namna nyingi, wakitafuta viini vinavyogusa njia hiyo ya serotonini, na bado wanasema huenda. Ninachojua kwa hakika ni kile kilichotupata: usimfiche nesi wako ulichokunywa jioni, na wewe nesi, uliza vizuri. Jina la mzizi sitaliandika hapa. Unisamehe, msomaji, wewe si wa ukoo.

Hamisa alifariki mwaka 1991. Habari zilinifikia Korogwe, nikapanda basi, nikakuta maiti imeshatoka. Wanawake walikuwa wamejaa nyumbani, kwenye mikeka iliyosukwa na Zamda. Niliona haya kupita katikati, mgeni, Mkristo, na viatu vyangu vya mjini mkononi, nikaketi nyuma kabisa karibu na mlango pamoja na majirani. Zamda aliniona. Alikuwa na mvi tayari. Aliinuka, akapita juu ya miguu ya watu, akanishika mkono.

"Mbona umekaa huku," alisema. "Watoto wake wanakaa mbele."

Nilimfuata, nikakaa mbele.